Shaba ilizuia moto, maji yakapita

Mashine ya kusaga ya mjomba wangu iko Mahuta, Tandahimba, juu kabisa kwenye uwanda wa Makonde, na kule maji ni shida tangu sijazaliwa. Injini yake ni dizeli aina ya S195, ya kulala, silinda moja, inayopozwa kwa maji yanayomiminwa kwenye tangi lililo wazi juu yake. Maji yanachemka, mvuke unatoka, unaongeza mengine. Usipoongeza, gasketi ya hedi inaungua, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko cha silinda.

Julai ikaungua. Kijana wa zamu alikuwa na ndoo moja ya maji na foleni ya akina mama wenye makopa. Ndoo ikaisha kabla ya foleni.

Nilipofungua hedi nilikuta gasketi imekatika katikati ya silinda na tundu la maji, njia nyeusi ya upana wa ukucha. Ilikuwa ya tatu mwaka huo. Mjomba akanitazama, akasema: "Njomba, hizi za dukani basi. Nitengenezee inayodumu."

Nikashuka Mtwara mjini, nikapata kwa muuza vyuma chakavu bati la shaba nyekundu, unene mm 1.5. Nikachora kwa kufuatisha gasketi ya zamani, nikakata kwa tindo, matundu nikayamalizia kwa tupa ya duara. Kingo nilizisugua mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, kwa sababu kinundu kidogo tu cha shaba kinatosha kuinua hedi.

Kisha kuilainisha. Shaba iliyogongwa na kukatwa huwa ngumu, na ngumu haizibi. Nilisubiri jioni, maana juani huwezi kuona rangi ya moto. Nikaiweka juu ya mkaa, mjomba akivuta mvukuto, mpaka ikawa nyekundu iliyofifia pande zote, nikaitumbukiza kwenye maji. Mjomba akapiga kelele kuwa nimeiharibu, itakuwa ngumu kama panga. Sivyo. Chuma cha panga ndicho kinachokazwa na maji. Shaba hubaki laini, ipoe kwa maji au kwa hewa. Ganda jeusi likabanduka vipande vipande, chini yake rangi ya waridi. Nikaishika ukingo mmoja kwa vidole viwili, upande wa pili ukainama wenyewe kama chapati ya moto. Mjomba akaichukua, akaijaribu mwenyewe mara mbili, akanyamaza.

Nikaifunga kavu, bila kupaka kitu. Hapo ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ilikuwa safi, hakuna moshi uliovuja. Lakini kesho yake nikachomoa kijiti cha oili, nikakuta oili imekuwa chai ya maziwa. Maji yalikuwa yanapita.

Gasketi ya kawaida ina nyuzinyuzi zinazojaa kwenye kila mkwaruzo. Shaba haifanyi hivyo. Kuzunguka silinda, pale slivu, bomba ambamo pistoni hutembea, inapotokeza kidogo juu ya bloku, nati zinaibana kwa nguvu nyingi na inauma vizuri. Kwenye matundu ya maji mbano ni mdogo, na chuma cha injini ya zamani kimeliwa na kutu, kina vishimo. Moto unazuiwa, maji yanapata kichochoro. Watu husifu shaba kwa injini zinazopozwa kwa hewa, na ni kweli, kule hakuna maji ya kuzuia.

Nikamwaga oili yote, nikafungua upya. Bloku na hedi nikazisugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene, nikapima kwa rula ya chuma dhidi ya mwanga. Shaba nikairudisha motoni, kwa kuwa ikishabanwa mara moja inakuwa ngumu tena. Safari hii nikapaka silikoni ya kuhimili joto, nyembamba, kuzunguka matundu ya maji peke yake. Kwenye duara la silinda sikuweka kitu. Pale shaba inataka kugusana na chuma. Nikakaza nati kwa msalaba, kidogo kidogo, nikaiacha ilale usiku mzima bila maji.

Asubuhi tukaiwasha, ikapata moto, tukaizima. Ilipopoa kabisa nikakaza tena, na nati zote zilikubali kuzunguka kidogo. Tapeti, zile nafasi ndogo kwenye valvu, nikaziseti upya, maana hedi ilikuwa imeshuka.

Unene nao una gharama yake. Gasketi ya zamani niliipima mm 1.2. Silinda ya mm 95 ikiongezwa mm 0.3 inapata nafasi ya zaidi ya cc 2, na kwa injini ya cc 815 hiyo inashusha uwiano wa kompresheni kutoka 20 kwa 1 hadi karibu 19 kwa 1. Asubuhi za baridi za Julai kijana anazungusha hendeli mara mbili zaidi. Mjomba amekubali hilo.

Ndugu zangu wa boti za Mikindani mkisoma, tafadhali: kama hedi yenu ni ya alumini na mnapoza kwa maji ya bahari, msiweke shaba. Kwenye maji ya chumvi shaba inaila alumini, na hedi ni ghali kuliko gasketi.

Siku ya nne nilifika kabla ya wateja. Nikamwomba kijana awashe injini maji yakiwa bado baridi, nikainama juu ya tangi kutafuta viputo vya moshi unaovuja. Maji yalitikisika tu kwa mtetemo wa injini, na uso wangu ukaonekana humo umekatikakatika. Kando ya mlango sasa yako madumu matano yamejaa.