Nilivyojifunza Kiingereza katika shule ya Kijapani kwa kupitia Kiswahili

Wanafunzi wenzangu kule Tsukuba, Japani, hawakuniamini nilipowaambia Kiingereza sikijui. Vichwani mwao, Mwafrika na Kiingereza ni chanda na pete. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza darasa la saba katika shule ya serikali Morogoro, zile tunazoziita za kayumba, ambako hesabu, sayansi na karibu kila kitu kinafundishwa kwa Kiswahili na Kiingereza ni kipindi tu kama vingine. Mama alipata ufadhili wa kusoma uzamivu wa kilimo Japani, tukamfuata, na Aprili, mwaka wa masomo ulipoanza, nikajikuta nimevaa sare ya mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini.

Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kule Kiingereza kinafundishwa kwa Kijapani. Mwalimu anaandika sentensi ubaoni, anaichambua kwa Kijapani, wanafunzi wanaitafsiri kwa Kijapani, na maswali ya mtihani nayo yanaulizwa kwa Kijapani. Orodha ya msamiati nyuma ya kitabu ina neno la Kiingereza kushoto na maana yake kulia, kwa kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina. Kwa hiyo "environment" kwangu ilikuwa kazi mara mbili: nilijue neno lenyewe, halafu nijue kusoma na kuandika "kankyo", ambayo ndiyo maana yake. Enzi hizo mtaala wa sekondari ya chini ulidai maneno 1,200 hivi kwa miaka mitatu. Tangu 2021 yamepanda hadi kati ya 1,600 na 1,800, juu ya yale 600 hadi 700 ambayo watoto wanatoka nayo shule ya msingi. Nawaonea huruma.

Daftari la safu tatu ndilo lililoniokoa, na aliyelianzisha ni mama. Nilikuwa namsumbua kila jioni na maswali ya maneno kwa Kijapani changu kibovu, mpaka akachoka.

"Baba, niulize kwa Kiswahili," akasema. "Hicho Kijapani hata mimi ndiyo kwanza nakitafuta."

Basi safu ya kwanza ikawa Kiingereza, ya pili Kiswahili, ya tatu Kijapani kikiwa na hiragana, herufi zinazoonyesha matamshi, juu ya kanji. Neno likishakaa, nafuta safu ya kati. Safu ya Kijapani niliiandika kwa kalamu ya rangi ya chungwa, kwa sababu maduka ya vifaa vya shule kule yanauza karatasi ya plastiki nyekundu ambayo ukiilaza juu ya maandishi ya rangi ya chungwa, yanapotea, yanabaki yale meusi tu. Unajiuliza maana, unaishusha karatasi mstari mmoja, unajua kama umepata. Wenzangu wengi walipenda zaidi kadi ndogo zilizofungwa kwa pete; utawaona wanazipekua hata kituo cha basi. Kuandika kila neno kwenye kadi naona ni kupoteza mkono bure. Mimi nilihamishia huko maneno yaliyokataa tu.

Kwenye sarufi nilianza kuwapita wenzangu, na hapo nadaiwa na Kiswahili. Kila mwanafunzi wa Kijapani ameimbishwa "san-tan-gen", yaani nafsi ya tatu, umoja, wakati uliopo, usisahau s. Kitenzi cha Kijapani hakijali nani anatenda. Aliyekua akisema ninasoma, anasoma, wanasoma, hashangai kitenzi kubadilika kwa ajili ya mtenda. Labda atashangaa kwamba Kiingereza kinajisumbua kwa nafsi moja tu.

Halafu ikaja "have" na kitenzi cha umbo la tatu. Kijapani kinatumia kiambishi kilekile cha -ta mwishoni mwa kitenzi kwa "nilimaliza" na "nimemaliza", kwa hiyo mwalimu alilazimika kuugawa wakati huo mafungu: wa kuendelea, wa uzoefu, wa kukamilika. Mimi nikaweka -me- palipo na "have" na -li- palipo na -ed, mambo yakaenda. Sehemu moja tu inahitaji uangalifu. Sisi husema "nimefika jana" bila wasiwasi, na Kiingereza hakikubali "have" ikae nyumba moja na "yesterday". Nikajiwekea sheria: ikitajwa jana, juzi au mwaka fulani, rudi kwenye -li- hata kama mdomo unataka -me-.

Utamu wenyewe ulikuwa kwenye maswali ya kupanga maneno, ambayo mitihani ya kuingia sekondari ya juu inayapenda mno. Unapewa vipande vilivyovurugwa: is, which, the book, yesterday, interesting, I bought. Kijapani kinatanguliza maelezo, kitabu kinakuja nyuma: jana nilinunua kitabu, kinavutia. Mjapani inabidi aigeuze sentensi nzima. Mimi nilikuwa naandika pembeni kwa penseli, "kitabu nilichonunua jana kinavutia", kisha nalipa kipande kwa kipande: kitabu, the book, -cho-, which, nilinunua, I bought, jana, yesterday, kinavutia, is interesting. Siku moja mwalimu alisimama nyuma yangu, akauliza hayo ni mahesabu gani.

Kiswahili hakikunisaidia kila mahali. "A" na "the" hatuna, Wajapani nao hawana, tukateseka pamoja. Nilizikariri zikiwa zimeshikana na nomino zake. "He" na "she" zilinisumbua kuliko wao, maana kwetu "yeye" anatosha kwa wote. Dawa ilikuwa kuisoma kila insha mara ya mwisho nikitafuta maneno hayo mawili peke yake.

Matamshi sina mengi ya kusema. Irabu zetu ni tano na zao ni tano, kwa hiyo "hat" na "hut" zilitupiga chenga sote. Ila wenzangu walipokuwa wanafundishwa kutoa ulimi kwa ajili ya "think" na "this", mimi nilikuwa na thamani na dhahabu tangu utotoni.

Kipimo nilichokitumia ni Eiken, mtihani wa Japani wa kupima Kiingereza, ulioanza 1963. Ngazi ya 3 ni ya kiwango cha anayemaliza sekondari ya chini, na kuanzia hapo kuna usaili: unapewa kadi yenye aya fupi, unaisoma kimya sekunde 20, kisha kwa sauti, kisha unaulizwa maswali. Niliipata kabla ya mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na huo nao nikaupita bila tuisheni, wanayoiita juku, ambayo bei yake mama aliiangalia mara moja tu.

Mzazi anayehamia kule na mtoto wa umri ule, ningemshauri afungashe kamusi nzuri ya Kiingereza na Kiswahili kutoka nyumbani. Ya Kiingereza na Kijapani ataikuta kila duka la vitabu.