Li moja tu

Jumatatu usiku, Mikindani. Umeme umerudi sasa hivi, naandika kabla haujaondoka tena.

Wiki nzima nimemsengenya mteja wetu wa Dar es Salaam. Hapokei simu, hajibu ujumbe, nikasema huyu kapata korosho za mteremko kwingine. Leo nimejua mwenye kosa ni mimi.

Kikundi chetu ni cha kina mama wabanguaji. Simu ya biashara nashika mimi kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne, basi Kiingereza chote cha kikundi kinapita kwangu, kizuri na kibovu. Mteja huyu ni mgeni, Kiswahili chake kinaishia kwenye "asante". Alitaka tumpunguzie bei ya korosho za daraja la W320, zile ambazo ratili moja huingia punje 300 hadi 320. Tulibishana mchana kutwa, mwisho mama mwenyekiti akakubali kwa shingo upande. Nikaandika kwa furaha: "We have turned down your price."

Mimi nilijua redio ikizidi kelele mtu husema "turn it down", yaani punguza. Sasa kama sauti inapunguzwa hivyo, bei imekosa nini?

Mpwa wangu wa kidato cha sita ndiye aliyeusoma ujumbe jioni hii. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama mdogo, mbona mmemkatalia!" Kumbe "turn down" ikikaa na redio ni kupunguza, ikikaa na bei ya mtu, ombi au posa, ni kukataa. Niliungua kama siku ile niliposahau kupaka majivu mikononi, mafuta ya ganda la korosho yakanichubua vidole vyote.

Shuleni tulikaririshwa vitenzi hivi kwa orodha. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza. Mtihani nilipata vizuri tu. Ila orodha haikuniambia kitenzi kinatembea na nani. Ningefundishwa "put out" pamoja na moto na "put off" pamoja na mkutano, nisingewahi kuandika kwamba tumeahirisha moto wa jiko. (Ndiyo, hilo nalo nimewahi kuliandika. Tuliache.)

Halafu kuna hili la kupanga maneno. Mpwa anasema "turn it down" ni sawa, "turn down it" si sawa. Lakini "look after it" lazima iwe hivyo, ukisema "look it after" umeharibu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini bahari ya Mikindani ina chumvi.

Nilitaka kuwalaumu Waingereza, nikajikuta nawaza ya kwetu. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisema "nimekimbia polisi" tutamshuku, akisema "nimekimbilia polisi" tutampa pole. Li moja tu, na mtu amegeuka kutoka mhalifu akawa mlalamikaji. Amehama Masasi, amehamia Masasi: mmoja anafunga mizigo, mwingine anafungua. Sisi tumeishonea tofauti hiyo ndani ya kitenzi, wao wameiweka pembeni kama mkia. Na hapo sijagusa "piga", maana tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki, na hakuna kinachoumia. Bibi yangu, aliyekulia kwenye Kimakonde, alikuwa akisema Kiswahili cha watu wa pwani kinamteleza kama pweza. Nilikuwa namcheka.

Basi nimeandika upya. Safari hii "We have brought down the price for you", na mpwa akiwa kasimama nyuma ya bega langu kama msimamizi wa mtihani. Nikaongeza samahani, nikaeleza kwamba tulikubali tangu wiki iliyopita.

Jibu limekuja kabla sijafika kwenye chai: "Great! I'll turn up on Thursday."

Nimelitazama lile "turn up" kwa muda mrefu. Kwenye redio ni kuongeza. Nikaogopa kwamba Alhamisi anaongeza bei, halafu nikaogopa kwamba haongezi. Nikamwita mpwa, naye alikuwa keshalala.

"Anakuja," alinijibu toka chumbani, sauti ya usingizi. "Anakuja mwenyewe, mama mdogo."

Alhamisi! Na vifungashio vimebaki kumi na viwili.