Nilivyozitenganisha rise na raise, na hizi "up" zao

Mi natembeza wageni huku Tanga, leo tupo milima ya Usambara kesho tupo kwenye boti mto Pangani, kwa hiyo maneno ya kupanda nayahitaji kila siku. Sasa sisi panda inatutosha, unapanda mlima, unapanda basi, bei inapanda, homa inapanda. Kwenye kiingereza mlima ni climb (ile b haitamkwi), basi ni get on, bei na homa ndo rise.

Iliyonisumbua muda mrefu ni rise na raise, shuleni tulikariri tu ikaishia hapo. Kilichokuja kunisaidia ni kiswahili chetu wenyewe, maana sisi tunayo inuka na inua, panda na pandisha. Kitu kikiinuka chenyewe ni rise, ukikiinua wewe ni raise na lazima utaje umeinua nini. Bei imepanda, rise. Mwenye duka kapandisha bei, raise. Ukishalishika hilo hata wakati uliopita unakaa wenyewe, ya kwanza inakuwa rose ya pili raised. Nilikuwa nafanya mazoezi kwenye gari, ile barabara ya Mombo kwenda Lushoto ina kona nyingi na huna cha kufanya zaidi ya kuchungulia dirishani, basi kila ninachokiona nakitungia sentensi kimoyomoyo, ukungu unapanda bondeni ni rise, mtoto kanyoosha mkono kutupungia huyo ni raise, kondakta ananyanyua gunia la viazi nikaona hapa lift inakaa vizuri zaidi.

Kwenye hizo "up" za mwelekeo, mto ndo ulinifundisha. Upstream ni kule mto unakotokea, basi, mambo ya ramani weka pembeni. Ukitoka Pangani mjini ukaingia na boti ndani unaelekea magharibi na bado ni up. Upcountry mtu wa pwani hahitaji kufundishwa, ni bara. Na Waingereza wenyewe kwenye reli zao, treni inayoelekea London kwa kawaida ndo wanaiita up hata kama imetokea kaskazini, yaani inashuka kwenye ramani lakini up!

Halafu kuna ile ya drink up, eat up, hapo hakuna kinachopanda, mtu anakwambia malizia. Hizo nazichukua moja moja kwa wageni wenyewe, akitamka nauliza papo hapo, na wengi wanafurahi kuulizwa.