Pora au tembe? Subiri wiki ya 6

Koo, yaani kuku jike mzazi, akishashuka na vifaranga wake, swali linaloulizwa uani ni lile lile: majike wangapi? Wepi ni pora, jogoo wachanga, na wepi ni tembe, majike ambao hawajaanza kutaga? Kwa kuku wetu wa kienyeji, ambao kuanzia Kilwa hadi Newala wamechanganyika damu za kila namna, siku hiyo swali halina jibu. Utamshika kifaranga kwa miguu kichwa chini uone anavyojikunja, utamning'inizia pete kwenye uzi, na bado utakuwa unabahatisha. Kwa kuwa madume na majike huzaliwa karibu nusu kwa nusu, kubahatisha nako hupatia mara nyingi. Ndiyo maana kila mtu wa pete ana mashahidi wake.

La yai lililochongoka kuwa jogoo na la mviringo kuwa jike ni hivyo hivyo. Umbo la yai hutengenezwa ndani ya mama wakati wa kulifunga na kulivika ganda, na hapo jinsia imeshaamuliwa. Kwa kuku mwamuzi ni jike, si jogoo: yeye ndiye mwenye kutoa mbegu za aina mbili, moja ya kuzaa dume na nyingine ya kuzaa jike. Joto la kutamia nalo halibadilishi kitu. Watu wa Msimbati, pwani ya Mtwara, wamezoea habari za kasa, ambaye mchanga wa moto humpa majike na wa baridi madume, lakini kuku si kasa. Asiyeamini achukue penseli, aandike alama kwenye mayai 10 yaliyochongoka na 10 ya mviringo, ayaatamishe mbalimbali, kisha ahesabu baada ya miezi minne.

Wapo wanaojua siku ya kwanza kweli, ila kazi yao ni nyingine. Kwenye vituo vikubwa vya kutotolesha kuna mafundi wa kufunua njia ya haja na kutazama kijipele kidogo ndani, ufundi uliotoka Japani na kuenea duniani miaka ya 1930. Usiujaribu uani. Kifaranga wa siku moja bado ana kiini cha yai tumboni, ukimbinya vibaya kinapasuka, naye hafiki jioni. Kupima urefu wa manyoya ya bawa nako kunafaa kwa vifaranga ambao wazazi wao walichaguliwa makusudi kwa ajili hiyo. Kwa wetu, bawa halisemi kitu.

Njia moja ya siku ya kwanza unaweza kuitengeneza mwenyewe. Tafuta majike wenye mistari ya kijivu na nyeupe iliyokatiza kila nyoya, wale wa damu ya Plymouth Rock, uwapandishe kwa jogoo mweusi au mwekundu asiye na mistari hiyo. Vifaranga weusi wenye doa jeupe utosini ni madume, weusi watupu ni majike. Ukigeuza, jogoo awe ndiye mwenye mistari, hesabu inavunjika, kwa sababu atawapa watoto wake wa jinsia zote. Na ni kwa uzao wa kwanza tu. Ukiwapandisha hao watoto wenyewe kwa wenyewe, doa halikwambii lolote tena.

Waliobaki wote ni wa kusubiri, na cha kuanza nacho ni upanga, ambao wengine huuita kilemba. Wachukue vifaranga wa wiki 6 waliototolewa siku moja, asubuhi kabla hujawafungulia, jua likiwa limeshapanda. Tochi ya simu inapausha wekundu, iache. Kifua cha kifaranga kikae kiganjani, miguu kati ya vidole vyako, kichwa kielekee kwenye mwanga. Sasa tazama upanga kutoka juu, si ubavuni. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukitazama ubavuni unaona urefu, na urefu hudanganya. Kutoka juu unaona unene wa shina. Upanga wa pora shina lake ni nene, limejaa, na rangi imeshaanza kuwa ya waridi au nyekundu. Wa tembe ni mwembamba kama ukingo wa jani, wa manjano au umefanana na ngozi ya uso. Shuka chini ya mdomo: pora ana vindevu viwili vya nyama vinavyoanza kuning'inia, tembe ana mikunjo tu.

Kisha wapange mafungu matatu. Mapora, matembe, na wasiojulikana. Fungu la tatu lazima liwepo, na mfugaji anayesema hana fungu hilo anajidanganya. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na hapa hata mwenyeji aipate: kitambaa cha khanga kuukuu, upana wa kidole, kwa wale ulio na hakika nao. Usitumie uzi wa nailoni, unakata. Fundo liache nafasi ya kupitisha kidole cha mwisho, na ulifungue kila baada ya wiki mbili, kwani mguu unanenepa upesi kuliko unavyodhani. Fungu la tatu lirudie wiki ya 8. Kuku wanaojitafutia bila pumba wala mashudu huchelewa. Kwao wiki ya 10 si ajabu.

Linganisha waliototolewa pamoja tu. Na hata hapo kumbuka kwamba chini ya koo mmoja mara nyingi tunaweka mayai ya majike watatu au wanne, kwa hiyo hao si ndugu hata kama wametoka siku moja. Mkubwa wa kundi si lazima awe pora. Pengine alitoka kwenye yai kubwa. Mwenye mkia mfupi wiki ya 4 naye husemwa ni dume, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu majike hutangulia kuota mkia. Ila wapo majike wa ukoo unaochelewa manyoya.

Kuhusu tabia: kupigana vifua, kusimama wima mwewe akipita, kuparamia wenzake. Matembe nao hufanya yote hayo. Sauti tu ndiyo ina uzito. Anayejaribu kuwika, hata kama ni mkwaruzo, mwandike pora.

Ushahidi wenyewe unakuja kati ya wiki ya 10 na ya 14, nao uko kiunoni. Mshike kuku, peleka kidole pale mgongo unapoishia na mkia kuanza, panua manyoya, uchomoe moja. La jike ncha yake ni ya mviringo kama ukucha wa kidole gumba. La dume ni jembamba, refu, lenye ncha kali na linang'aa, linaangukia ubavuni kama ukindu. Usiamue kwa nyoya la shingo, maana hata jike lake huchongoka kidogo. Kwenye kuku wa rangi ya kahawia, wekundu uliokolea ukitokeza mabegani peke yake, huyo ni dume hata kabla ya nyoya la kiunoni.

Kuchi huwapoteza watu kuliko kuku wote. Upanga wake ni mdogo, umelala kichwani, kwa dume na kwa jike. Miguu ni mirefu na minene kwa wote wawili, na tembe wa wiki 8 husimama kama jogoo wa vita. Mwenye damu ya kuchi usimwamue kabla ya wiki ya 14, na uende kiunoni moja kwa moja. Kishingo hana manyoya ya shingo, kwa hiyo naye ni kiunoni. Wa manyoya yaliyopinda, nyoosha nyoya moja kwa vidole, ncha itaonekana.

Upanga uliopauka unaweza pia kuwa ugonjwa. Minyoo, utitiri, kuhara damu, vyote hunywa wekundu wa pora hadi akafanana na dada yake. Viroboto waliogandana kuzunguka macho na magamba ya ndui juu ya upanga huharibu umbo lake. Tibu kwanza, kisha upime. Siku nzuri ya kupima ni siku ya chanjo ya mdondo, yaani kideri: ile ya I-2 ni tone moja jichoni na hurudiwa kila miezi 3 hivi, kila kuku anapita mkononi mwako, huhitaji kuwakimbiza mara mbili.

Haraka yote hii hutokana na kutaka kuuza mapora. Kuku wa kienyeji wa kuuzika kwa nyama anataka miezi 5 hadi 6, kwa hiyo anayelenga pesa ya msimu wa korosho kuanzia Oktoba atotoleshe vifaranga Aprili au Mei. Anayeuza "mapora" ya wiki 7 huwa ameweka mitetea yake ya mwakani ndani ya tenga. Bakiza jogoo 1 kwa majike 10 hivi, na asiwe mtoto wa majike hao.

Na yule wa miezi 6 ambaye upanga umekuwa mwekundu ghafla, ukaanza kumshuku, mpime nyonga kabla ya kumpeleka sokoni. Chini ya mkia kuna vifupa viwili vyenye ncha, kimoja kila upande wa njia ya haja. Kidole kimoja kikipita kwa taabu, rudi kwenye nyoya la kiunoni. Vikipita viwili au vitatu, mtandikie nyasi kwenye kiota.