Bahasha Mbili

Jumamosi jioni binti yangu huzipanga bahasha za sadaka mezani, nyeupe ya misheni, ya kupeleka Injili mbali, na ya kaki ya diakonia, ya kuwasaidia wenye shida. Jumamosi iliyopita alizishika moja kila mkono, akauliza, "Baba, mbona ziko mbili? Kwani Mungu hana mfuko mmoja?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho ilipita sijamjibu, kwa sababu kilichonijia pale mezani ni kikao cha kamati ya kanisa, Jumatano usiku, mwaka ule kazi zilipokatika.

Mashemasi walikuwa wameleta orodha ya kaya 14. Hawakuandika kwa kusikia. Walikwenda wawili wawili, wakaketi ndani ya kila nyumba, wakauliza mambo manne: mnakula mara ngapi kwa siku, kodi mmelipa mpaka mwezi gani, nani anatumia dawa kila siku, na ndugu gani tayari anawasaidia. Swali la nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Likisahauliwa, kanisa huingia mahali pa mjomba aliyekuwa akileta chakula kila wiki, mjomba naye anaona mzigo umepata mbebaji, anaacha. Miezi miwili baadaye kanisa linachoka, na ile nyumba inabaki haina mjomba wala kanisa.

Mfuko wa diakonia ulikuwa tayari umekauka. Mfuko wa misheni ulikuwa na posho kamili ya miezi 3 ya familia tuliyoituma ng'ambo, na siku ya kuituma ilikuwa imebaki siku 9. Mimi ndiye niliyekuwa mhazini. Ajenda ilikuwa moja tu: fedha za misheni tuzihamishie diakonia au tusizihamishe.

Asiyewahi kushika hesabu za misheni hudhani posho ni mshahara wa mtu mmoja. Ndani yake mna kodi ya nyumba, chakula, bima ya matibabu, ada za watoto, ada ya kibali cha kuishi, na akiba ya nauli ya kurudi ghafla ikitokea vita au msiba wa mzazi. Sisi tulituma mara moja kila robo mwaka kwa sababu benki hukata ada zake kila fedha inaposafiri, huku na huko, na kubadilisha fedha nako kunakula chake. Mara moja ni nafuu kuliko mara tatu, lakini ukikosa hiyo moja umekosa miezi 3. Na kinachoumia kwanza si chakula, maana chakula mmisionari anaweza kukikopa kwa jirani. Ni kibali. Kikipita tarehe, mahali pengi huwezi kukihuisha tena kwa utaratibu wa kawaida, na kuna nchi ambako maana yake ni kufunga mizigo.

Kanisa linaloazima kwenye mfuko huo mara nyingi halina nia mbaya. Huandika "mkopo" daftarini na kukusudia kurudisha. Tatizo ni kwamba sadaka za miezi ya shida ndizo zilezile zilizopungua, kwa hiyo pa kurudishia hapapo. Tena mtu aliyeandika "misheni" juu ya bahasha ameshaamua, na kamati kazi yake ni kufikisha. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu, aliwaambia Wakorintho fedha zipelekwe na watu watakaowakubali wao wenyewe, kisha akawaandikia tena kwamba anajihadhari mtu asije akamlaumu kwa habari ya karama hiyo. Mtume mwenyewe hakutaka kuibeba peke yake.

Kikao kilianza kwa upole. Mzee mmoja tuliyemheshimu sana alisoma Mithali 27:10, kwamba afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali. Hakuwa akitafuta ushindi. Siku hiyohiyo alikuwa ametoka kwenye nyumba ambayo mama aliwalaza watoto saa 12 jioni ili wasipate muda wa kuuliza chakula. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mama mmoja wa kamati akamjibu, "Mzee wangu, na wale watoto wa mmisionari? Tuliwaombea hapa madhabahuni tukiwaita wetu. Wamekuwa wa mbali lini?"

Mimi nilisimama na habari za Antiokia. Katika Matendo 11, njaa ya siku za Kaisari Klaudio ilipotabiriwa, wanafunzi wa Antiokia walichanga kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawapelekea ndugu wa Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Katika sura ya 13, kanisa lilelile linawatenga na kuwatuma watu walewale wawili kwenda kuhubiri, wakaanzia Kipro. Mikono iliyobeba msaada wa njaa ndiyo iliyotumwa mbali na Injili. Nililisema hilo kwa moyo wote, na ninaliamini hadi leo. Lakini nilikuwa nimeonyesha tu kwamba kazi hizo mbili ni za kanisa moja. Mfuko mmoja ukikauka tufanyeje, hilo sikuwa nimeligusa.

Shemasi kijana ndiye aliyetugeuza. Alifungua sura ya 6, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walipokuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. "Wale saba waliochaguliwa," akasema, "wote wana majina ya Kiyunani. Inaelekea meza ilikabidhiwa kwa upande ule ule ulionung'unika. Sasa sisi saba tulioketi hapa, nani jina lake limo kwenye orodha ya wale 14?"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti akaagiza aitwe mmoja wao. Kaya ya 6 ilikuwa hatua chache kutoka kanisani, ya mama mjane mwenye watoto watatu.

Alikuja na mikono mibichi, alikuwa akifua. Aliifuta kwenye gauni lake, akasalimia, akapewa kiti, hakuketi. Mwenyekiti alimweleza kwa maneno mengi ya kumstahi, kwamba kamati inafikiri kuazima kidogo upande wa misheni ili nyumba zenye uhitaji zipate kupumua, je, yeye anaonaje. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Baba Mhazini, hiyo fedha imeandikwa kwenye daftari gani?"

Nikamwonyesha. Akasogea mezani, akaligeuza daftari limwelekee, akaanza kushuka na kidole kwenye safu ya majina. Kidole kilikuwa bado na maji, na kila kilipopita wino ulitanuka kidogo. Alisoma polepole, kama mtu anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Ukurasa wa kwanza, hakuna. Akafunua. Karibu na chini, kidole kikasimama.

"Mimi huyu."

Ilikuwa Jumapili ya wiki tatu nyuma. Kiasi kilichokuwa mbele ya jina lake ndicho kilichokuwa kidogo kuliko vyote kwenye ukurasa ule. Niliandika mimi mwenyewe kiasi hicho, wala sikukumbuka.

"Hii nimeshaitoa," akasema. "Nilimpa Mungu kwa ajili ya watu wa kule ambao hawajasikia. Mkinirudishia mimi tena, nitakuwa nimetoa nini?" Akaondoa kidole. "Kama mna cha kunisaidia, wazee wangu, nisaidieni kwa vilivyo vyenu."

Akatuaga, akatoka. Tulimsikia akifunga mlango kwa taratibu, asije akatusumbua.

Saba sisi tulikuwa tumebishana karibu saa nzima juu ya fedha za watu wengine. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametaja zake. Mchungaji, ambaye hakuwa amesema neno tangu sala ya kufungulia, alitoa alichokuwa nacho mfukoni akakiweka juu ya meza. Tukafuata. Wengine waliahidi na kuleta siku zilizofuata.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kodi tuliwalipa wenye nyumba moja kwa moja na kuchukua stakabadhi. Dawa zilinunuliwa kwa cheti cha daktari. Chakula kilipelekwa jioni, nyumba kwa nyumba, bila foleni kanisani na bila picha, na kwenye daftari la diakonia tuliandika namba badala ya majina. Siku ya 9 nilituma posho ya misheni yote. Jumapili iliyofuata mchungaji alitukumbusha Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilichoanzishwa na wakimbizi kutoka Moravia mwaka 1722, ambacho mwaka 1732, watu wake wakiwa bado maskini, kilimtuma Leonard Dober mfinyanzi na David Nitschmann seremala kwenda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas, katika Karibi. Watu walilia. Nami nililia.

Ila kuna kaya ya 11.

Michango yetu ilichukua siku 5 kutimia. Mashemasi walipofika kaya ya 11 na kodi mkononi, walikuta kufuli mlangoni. Mwenye nyumba alikuwa amewatoa siku iliyotangulia. Jirani alisema waliondoka na mabegi mawili na mtoto mgongoni, hakujua wameelekea wapi. Tuliuliza kwa wiki kadhaa. Mbele ya namba 11 shemasi aliandika "hawapo".

Kama tungehamisha fedha usiku ule, kodi yao ingelipwa Alhamisi asubuhi, maana ufunguo wa sanduku nilikuwa nao mimi. Yule mama alikuwa na haki ya kuisemea sadaka yake, na kila nikilifikiri neno lake naliona la kweli. Lakini alijisemea yeye. Kaya ya 11 hatukuiita, wala hatujui wangejibu nini.

Binti yangu ataziweka bahasha mezani tena Jumamosi hii. Nikimsimulia habari ya yule mama na kidole chake chenye maji, itanibidi nimsimulie na hii.