Msimu wa besiboli huanza bila sisi wa kaskazini

Kila mwaka katikati ya Februari, Ijumaa ya kwanza ya msimu wa besiboli ya vyuo vikuu, shemeji yangu aliyeko Baton Rouge hunitumia picha. Haibadiliki: miguu yake kwenye ngazi za jukwaa, kaptula, soda mkononi, na mbele yake nyasi za uwanja wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, za kijani kibichi. Chini anaandika, "Shemeji, na ninyi mmeshaanza?" Anajua fika hatujaanza. Mimi naishi Magharibi ya Kati ya Marekani, kwenye mji wa chuo kimoja cha ligi ya Big Ten, na siku hiyo theluji imelala uwanjani kwetu hata huwezi kujua mstari wa faulo ulipo.

Kwenye karatasi lakini tumeanza. Timu yetu iko Texas, au Florida, au Arizona, inapiga mechi tatu nne ndani ya wikendi moja, inarudi usiku wa Jumapili kwa sababu Jumatatu asubuhi vijana wana vipindi darasani. Wiki ya pili safari tena. Ya tatu vilevile. Kikomo cha msimu wa kawaida ni mechi 56, na kwetu karibu robo yake huisha kabla mtu wa hapa mjini hajaiona timu kwa macho yake. Kwa muda wote huo tunaijua kwa sauti ya mtangazaji tu.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka 2008 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipoweka tarehe moja ya kuanza kwa wote, timu za kusini na magharibi zilikuwa zinajianzia mapema, sisi bado tunakwangua barafu kwenye vioo vya magari. Kwa hiyo tarehe moja ilikuwa nafuu. Ila Februari ya Louisiana na Februari ya Minnesota hazina undugu wowote. Ohio State, wa ligi yetu, walitwaa ubingwa wa taifa 1966, na baada ya hapo ikapita miaka zaidi ya hamsini bila timu ya Big Ten kuugusa. Michigan walikaribia 2019, wakafika fainali kule Omaha, mji ubingwa unakoamuliwa kila mwaka, wakafungwa na Vanderbilt.

Kuna watu wanaosema malalamiko yetu yalishashughulikiwa, kwa sababu 2013 hesabu ya RPI, kipimo cha kupanga ubora wa timu, ilibadilishwa: ushindi wa ugenini ukapewa uzito wa 1.3 na wa nyumbani 0.7. Sawa. Hiyo ni fidia ya kocha anayetaka timu yake ichaguliwe kwenye zile 64 za mtoano. Mimi niliyekaa sebuleni nasikiliza redio nimefidiwa nini?

Pendekezo ninaloliunga mkono mpaka kesho ni lile la Erik Bakich, alipokuwa kocha wa Michigan. Yeye na makocha wenzake walitaka msimu usogezwe mbele kwa majuma manne, uanze Machi na Omaha iishie Julai. Halafu Machi 2020 korona ikaufuta msimu uliobaki, na mpaka leo tunaanza Februari. Shemeji hataki hata kulisikia. Anasema Julai Baton Rouge mtu anaiva akiwa amekaa, tena wanafunzi watakuwa wameshaondoka. Namjibu wanafunzi wameshaondoka tayari! Mihula mingi huisha mapema Mei. Raundi ya kwanza ya mtoano huanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, na timu inapopambana kwenda Omaha, mabweni yako matupu. Mchezo wa chuo, sehemu yake tamu kuliko zote, unachezwa chuo kimefungwa. Sijui nani alikaa akaona hilo ni sawa.

Naye ana lake, tusimwonee. Yeye anafanya kazi za zamu kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Mfululizo wa wikendi kwa kawaida ni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, lakini televisheni ikitaka, unahamia Alhamisi mpaka Jumamosi. Siku ya kwanza ndiyo kwa kawaida anaporusha mrushaji bora wa timu, na Alhamisi jioni shemeji yuko kazini na helmeti yake. Pasaka nayo mara nyingi ni hivyohivyo, Alhamisi. Jumapili anayokuwa huru, ndiyo siku ambayo raundi mpya ndani ya mechi hairuhusiwi kuanza baada ya saa fulani ili wageni wawahi ndege. Ameshawahi kutoka uwanjani timu zikiwa zimefungana, mechi imekwisha, hakuna mshindi.

Kwetu adui ni mvua. Mimi ni muuguzi, nabadilishana zamu na wenzangu ili nipate Jumapili. Aprili moja nimeshabadilishana, nimeshamwahidi mwenzangu kumlipa kwa usiku wa sikukuu, Ijumaa saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye simu: Jumapili mvua inatarajiwa, mechi zote mbili zitachezwa Jumamosi, tiketi ya Jumapili itakubaliwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo zamu niliyoichukua badala yake. Nilifuatilia raundi za mwisho kwenye simu, nimesimama kando ya kabati la dawa. Jumapili jua likawaka kutwa nzima.

Kilichonibakiza kwenye mchezo huu ni Jumanne. Mechi za katikati ya wiki hakuna anayezijali sana. Makocha huwaficha warushaji wao wa wikendi na kumtupa uwanjani kijana wa mwaka wa kwanza aone cha moto. Kwetu zinaanza saa tisa au saa kumi alasiri, kabla baridi haijakomaa, wakati watu wa ofisi bado wako ofisini. Kwa hiyo tunabaki wastaafu, wazazi wachache, na sisi wa zamu za usiku. Mbele yangu hukaa mzee mmoja mwenye glavu zilizokatwa vidole, anaandika kila mpira kwenye kadi yake kwa penseli. Siku moja nilimpa kalamu, akaitikisa, akaijaribu pembeni ya kadi, akanirudishia. Baridi ile, wino haushuki. Kijana wetu alikuwa amewapa wapigaji wanne besi ya bure mfululizo kwa kurusha ovyo, na mzee anaandika tu, bila kuinua uso.

Tiketi ya msimu mzima nimeacha kulipia. Ratiba ikitoka naanza kutafuta Jumanne za Aprili, napanga zamu kuzizunguka. Wikendi nanunua ya Ijumaa peke yake, maana Ijumaa mvua ikinyesha, bado zipo siku mbili za kuicheza mechi hiyo.