Huyo Utakayekaa Naye

Ndugu na dada zangu katika Kristo, amani iwe kwenu.

Wiki hii limenikaa moyoni swali ambalo wazazi wa vijana wa Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaojiandaa kwenda misheni, yaani kuhubiri injili ugenini, hulirudia kuliko jingine lolote. Hawaulizi kijana atahubiri nini. Wanauliza, "Huko ugenini atakaa na nani?" Vijana wenyewe, ukiwakuta wamesimama nje baada ya sakramenti, mazungumzo yao ni nchi: Ghana, Uganda, Afrika Kusini, Marekani. Anayepangiwa Marekani huonekana ameokota dodo chini ya mwarobaini.

Mama anayeuliza swali lile ameona mbali kuliko mwanawe. Nchi huzoeleka. Hali ya hewa huzoeleka, hata chakula. Mtu unayelala naye chumba kimoja, unayekula naye, unayetembea naye na kupiga naye magoti asubuhi na usiku, huyo hazoeleki hivi hivi. Ni lazima apendwe kwa makusudi, na kupenda kwa makusudi ni kazi yenye hatua zake.

Utaratibu mnaujua, nitaupitia upesi. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18. Huchagui nchi wala mwenza, yaani mmisionari mnayepangwa kuishi na kuhubiri pamoja. Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo lile, ndiye anayewapanga, na takriban kila baada ya wiki 6 anaweza kupangua upya. Mgeni huanza na mkufunzi kwa wiki 12. Kuamka ni saa 12:30 asubuhi, kulala saa 4:30 usiku. Katikati kuna mazoezi ya mwili, kujifunza maandiko peke yako, kujifunza pamoja na mwenza, lugha kwa anayeihitaji, kisha kutoka kwenda kwa watu. Muda wote mnatakiwa kuonana na kusikiana, isipokuwa bafuni, kwenye mahojiano na rais, au siku mnapobadilishana wenza na jozi nyingine. Chumba ni kimoja, vitanda viwili. Hata simu yako, mwenzako ana ruhusa ya kuitazama.

Kijana aliyekulia Ngamiani hapa Tanga, aliyezoea kuchukua baiskeli yake na kupotea mpaka Raskazone bila kumuaga mtu, akisoma orodha hiyo anaona gereza. Lakini Bwana aliwatuma wale Thenashara "wawili wawili" (Marko 6:7), na Mhubiri (4:10) ametaja sababu moja isiyo na mapambo: wakianguka, mmoja atamwinua mwenzake. Kanuni zile zimewekwa kwa ajili ya kuanguka. Asiyekuona hawezi kukuinua.

Someni tena Alma 8 katika Kitabu cha Mormoni. Tunapenda kukimbilia mahubiri ya mji wa Amoniha, tunaruka yaliyotangulia. Alma anaingia mjini na njaa ya siku nyingi. Amuleki anampa mkate, anampeleka kwake, na Alma anakaa siku nyingi kwa Amuleki kabla hawajaanza kuhubiri. Chakula kilitangulia, na kuishi nyumba moja kukafuata. Wale wawili waliosimama mbele ya mahakimu walikuwa wameshajuana mezani.

Basi tuanze na meza, maana ugomvi wa wamisionari huanzia jikoni mara nyingi kuliko kwenye mafundisho. Kila mmoja hupewa fedha yake ya kujikimu kwa mwezi. Zikiingia, wekeni pamoja sehemu iliyo sawa kwa unga, mchele, mafuta, gesi, chumvi na sabuni, siku ile ile, kabla hamjanunua kitu kingine. Inayobaki ni ya mtu binafsi, na mwenzako asikuulize umenunua nini. Jozi zinazosema "tutasaidiana tu" hufika tarehe 20 mmoja akihesabu mayai ya mwenzake. Maharage loweka usiku wa kuamkia siku ya maandalizi (siku moja ya wiki ya kufua na shughuli zenu binafsi), kilo moja, uyachemshe asubuhi mnapofua. Yagawe kwenye vyombo, yawafikishe katikati ya wiki. Chakula cha kwenu mpikie mwenzako, lakini usikifanye sheria. Bada, ugali wetu wa muhogo, ni tamu kwako uliyenyonya hapa Tanga. Kwa mtu wa Kumasi, Ghana, ni kitu kigeni, kama banku yake, ugali wa kwao, ilivyo kwako. Na dagaa, tafadhali, msiwakaange madirisha yamefungwa na mashati meupe yametundikwa chumba hicho hicho. Shati hilo ndilo utakaloingia nalo sebuleni kwa watu kesho.

Mashati nayo yana somo lake. Kola iloweke nusu saa, ipake sabuni ya mche, uisugue kwa mkono; usichanganye na soksi nyeusi; geuza ndani nje unapoanika. Kinachotia aibu ni kijana wa miaka 19 anayefika ugenini hajawahi kufua kola hata moja, kwa sababu nyumbani kulikuwa na dada zake. Mwenza wake anamfulia wiki ya kwanza kwa upendo, wiki ya pili kwa uvumilivu, wiki ya tatu ananuna. Wazazi, hapa tuambiane ukweli: tunaomba kwa machozi mwana aitwe misheni, halafu sahani yake anaoshewa na mdogo wake wa kike. Hilo si malezi ya mmisionari.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Kanisa linalijua hilo, ndiyo maana kila wiki, mwishoni mwa kikao cha kupanga kazi, wenza hukaa wakatathmini uwenza wao. Kikao hiki ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Jozi zinazokiruka hazikosi sababu: wamechoka, muda umekwisha, "sisi hatuna neno". Hiyo ya mwisho ndiyo hatari kwetu sisi watu wa pwani.

Sisi tumefundwa kusitiri. Jambo likikukera, hulitamki. Unalifunga kwenye fumbo. Kwetu hapa kanga husema, taarabu husema, hata mlango unaofungwa kwa nguvu kidogo husema, na jirani aliyelengwa anaelewa. Sasa mchukue kijana aliyelelewa hivyo, umweke na mwenza kutoka Utah au Kampala. Anapiga fumbo Jumatatu, mwenzake anacheka akidhani ni mzaha. Anapiga la pili Jumatano, halisikiki. Ijumaa ananyamaza kabisa, na yule mwingine hajui hata kosa lilikuwa lipi. Upande wa pili, mwenza aliyezoea kusema wazi anamwambia, "Sikupenda ulivyonikata kauli," na wetu anasikia tusi mahali ambapo palikuwa na taarifa tu. Hapo hakuna mwovu. Wamelelewa tofauti, basi, na siku zinapita hawajasemeshana zaidi ya "twende" na "tuombe".

Ndugu zangu wapendwa, kununa si upole. Kunyamaza kwa hasira tusikuite subira. Paulo anasema jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka (Waefeso 4:26), na Bwana mwenyewe ametupa njia: "Ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15). Peke yenu! Si kwenye kundi la wamisionari wenzako, si kwa mama kwenye simu, si kwa jozi ya jirani mnapokutana kwenye baraza la wilaya la wamisionari. Anza na yeye.

Jinsi ya kufanya ni hivi. Malizeni kwanza mpango wa kazi, msichanganye. Simu wekeni mbali, ombeni. Kila mmoja ataje malengo yake na msaada anaouhitaji. Kisha kila mmoja aseme jambo moja jema aliloliona kwa mwenzake wiki ile, la kweli, lenye siku na mahali. "Wewe ni mtu mzuri" haimjengi mtu. "Jumanne ulipomsubiri yule bibi amalize kulia ndipo ukafungua maandiko" inamjenga. Ndipo muulizane: wiki hii nimekukwaza wapi? Ukishauliza, nyamaza. Kosa linaloharibu kikao kizima ni kujitetea kabla mwenzako hajamaliza sentensi, na linalofuata ni kumjibu kwa lalamiko lako mwenyewe ulilokuwa umelitunza.

Zamu yako ya kusema ikifika, taja tendo, usitaje tabia. "Jana ulianza kufundisha kabla sijaketi" ni jambo la kurekebishwa kesho. "Wewe una kiburi" halirekebishwi na mtu; linamtafutia ugomvi. Acheni maneno "siku zote" na "kila mara". Leteni jambo moja, yakizidi mawili. Anayefungua ghala la wiki sita kwa mkupuo anamzamisha mwenzake. Mkubaliane kitu kimoja cha kubadilisha kabla ya wiki ijayo, mkiandike kwenye mpango kama mnavyoandika miadi, kisha aliyeonywa aombe sala ya kufunga kikao. Nusu saa inatosha. Na wewe kijana wa Tanga, jizoeze kusema wazi kwa sauti ya chini. Adabu yetu si lazima iachwe. Inakaa kwenye sauti na kwenye uso, fumbo likabaki kwenye kanga.

Maana watu huona. Mnapobisha hodi mmenuniana, mwenye nyumba anajua kabla hamjaketi. Mmoja anasoma, mwingine anatazama dari. Mnamfundisha msamaha wa Kristo, na kilichokaa kwenye kochi lake ni hukumu. Jozi inayopendana hugawana somo kabla ya kufika mlangoni: nani ataanza, nani atasoma andiko, nani atashuhudia. Mwenza akikwama, mpe pumzi mbili kabla hujamwokoa. Akikosea jambo dogo, msimrekebishe mbele ya watu, mtaongea njiani. Hata kinywaji hukubaliana mapema. Mkikaribishwa chai ya majani au kahawa, ambavyo sisi hatunywi, mmoja hujibu kwa wote wawili, akashukuru na kuomba mchaichai mtupu, maziwa au maji, mwenyeji asione amedharauliwa mara mbili.

Wako watakaosema, "Mimi nimepewa mwenza mzito, hafundishi, haamki." Katika kitabu chetu cha Mafundisho na Maagano 84:106 Bwana anamwagiza aliye imara katika Roho amchukue aliye dhaifu, amjenge kwa upole wote, naye apate kuwa imara. Basi huyo mzito huenda hakuletwa kwako kwa bahati mbaya. Kumbukeni Paulo na Barnaba: walishindana juu ya Marko mpaka wakatengana (Matendo 15:39), wanaume wakubwa wa imani kabisa. Lakini Paulo mzee, karibu na mwisho wake, anaandika aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi" (2 Timotheo 4:11). Paulo alihukumu mapema. Kwa bahati Barnaba hakumwacha yule kijana.

Hata hivyo, kuvumilia kuna mpaka. Mwenza anayekupiga, anayetoka usiku peke yake, anayezungumzia kujidhuru, au aliyezama katika huzuni asiyoweza kutoka kitandani: hayo hayasubiri kikao cha wiki. Mpigie rais wa misheni siku hiyo hiyo. Huo si usaliti. Na homa, kwenye nchi zenye malaria, ipimwe siku inapoanza. Mwenza wa mgonjwa hukaa naye nyumbani bila kuhesabu saa alizopoteza.

Nanyi wazazi. Tangu Februari 2019 mtoto anaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki, siku ya maandalizi. Neema hiyo wengine tunaigeuza mzigo. Mtoto anapiga kwa furaha, anapewa deni la kaka yake, kesi ya kiwanja na ugonjwa wa shangazi, anakata simu na kazi inamsubiri saa 12 jioni siku ya maandalizi inapokwisha. Wengine tunamchimba: "Huyo mwenzio ana matatizo gani?" Akilalamika kidogo, tunatafuta namba ya kiongozi ili mtoto wetu ahamishwe. Mama, acha. Fanya hivi: dakika za mwisho za simu, mwambie akupe mwenzake. Msalimie kwa jina, muulize kwao wanaendeleaje, mwambie na yeye ni mwanao. Hata kama lugha hampatani, mwanao atatafsiri, na katika kutafsiri atalazimika kutamka kwa kinywa chake maneno ya upendo juu ya mtu aliyemnunia tangu jana.

Vijana mnaojiandaa, kuanzia wiki hii ombeni zamu ya jikoni nyumbani mara mbili kwa wiki, mfue nguo zenu wenyewe, tena za mdogo wenu mmoja. Na yule ndugu uliyeacha kumsemesha, unayemjua, mfuate kabla ya Jumapili ya mfungo, wewe na yeye peke yenu. Jumapili hiyo, baada ya mikutano, mbaki kidogo darasani. Tutajaribu kikao cha tathmini wawili wawili, na kila mmoja atapangiwa mwenzake. Msichaguane.